Namba ya Dada Saikal na Mkate wa Arobaini

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Emilbek Sadyrov, Mwenyekiti wa Kamati ya Mbio za Siku Sita. Mkuu wetu wa kijiji. Wazee, akina mama, na nyote mliobanana kwenye ukumbi huu wa shule:

Sisi wanachama wa Jorgo, Klabu ya Baiskeli za Milimani ya Kara-Bel, tunakusalimu kwa heshima zote. Ninayesoma ni Kasiet, katibu wa klabu na daktari wa mifugo wa hapa. Wengi mnanijua kwa kuwadunga sindano kondoo wenu, kwa hiyo msitegemee sauti laini.

MAKARIBISHO

Mheshimiwa, tunajua umetoka Naryn alfajiri, na tunaijua barabara hiyo ilivyo, hasa pale mto ulipokula ukingo. Umekuja kutukabidhi vyeti vyetu vya mbio za mwaka huu, nasi tunakushukuru kutoka moyoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kusema kweli wenyeji wako wana kinachowauma. Mwenyekiti wetu, Bwana Ulanbek, huyo dereva wa trekta aliyeketi kuliani kwako, alitaka risala iwe fupi na tamu. Kwenye ufupi tumejitahidi.

TULIKOTOKA

Klabu ilianza miaka sita iliyopita, watu watano, baiskeli hakuna. Kabla ya hapo hapa baiskeli ilikuwa ya postamasta tu. Mwanamume wa Kara-Bel alipanda farasi, na asiye na farasi alikaa nyumbani akajifanya anaumwa mgongo. Kisha watu wa mbio zenu wakapita bondeni kwa mara ya kwanza, wakiwa wamejaa matope mpaka kwenye nyusi, na sisi tuliokuwa tukikata majani tukasimama kuwatazama. Jioni ile watano wetu hatukuongea jambo jingine.

Tukaenda Bishkek kununua. Hapo, Mheshimiwa, tulifanya kosa ambalo nadhani ni watu wa kwetu tu wanaoweza kulifanya. Tulichagua baiskeli kama tunavyochagua farasi. Tulizizunguka, tukazipiga kofi mgongoni, tukarudi nyuma hatua tatu kutazama kimo. Hapa mtu mzima kupanda farasi mfupi ni aibu ya ukoo mzima, basi kila mmoja akachukua fremu kubwa kuliko zote dukani. Muuzaji alijaribu kutuambia kwamba baiskeli hupimwa kwa mguu wa mpandaji. Tukamwona hajui biashara.

Mmoja tu hakutusikiliza. Dada yetu Saikal Mambetova, anayekusanya maziwa ya kijiji kila asubuhi, alimwomba muuzaji ampime mguu, akachukua fremu ndogo. Tulimcheka njia nzima, tumekaa juu ya magunia ya viazi kwenye lori. Ulanbek alimwambia amenunua punda wa kwendea dukani. Naye akajibu, bila hata kugeuka, "Nanyi mmenunua ngazi. Mkishindwa kushuka mniite niwashikie."

Wiki ya kwanza tu tukamwita. Ukisimama mlimani juu ya baiskeli iliyokuzidi, mguu haufiki chini, unaanguka ubavu kama gunia. Ulanbek alivunjika kidole, mimi goti langu halijasahau mpaka leo. Saikal ndiye aliyetufundisha kushusha tandiko kabla ya mteremko, kubadili gia kabla mlima haujakukaba na si baada, na kutobana breki ya mbele ukiwa na hofu. Naye aliyafundishwa na nani? Na mikebe ya maziwa. Kila siku alikuwa akipanda mpaka malisho ya juu na mikebe miwili, akishuka taratibu ili yasimwagike.

TULIYOYAFANYA

Leo tuko kumi na mmoja, wanne wakiwa wanawake. Baiskeli zile kubwa tulizibadilisha moja moja, kwa aibu na kwa siri. Njia ya kuelekea mlango wa mlima wa Ak-Moinok tumeitengeneza wenyewe kwa kazi ya ujima, kila familia ikatoa mtu na sururu. Mbio zako hupita juu ya njia hiyo siku ya nne, na tumesikia wageni wakiisifu.

Mwaka huu tuliingiza wapandaji watano. Wanne tulimaliza siku zote sita, na tukashika nafasi ya tatu kati ya timu za vijiji. Mheshimiwa, asiyejua mbio za siku nyingi hudhani kazi iko kwenye mlima. Mlima ni saa chache. Kazi iko siku ya tatu asubuhi, unapoamka ndani ya hema ukaona mikono imegoma kufunga viatu, tako halitaki kuliona tandiko, uji haupiti kooni, na bado mnyororo unahitaji kusafishwa. Hapo mtu hulia bila kuona haya. Ulanbek amenikataza kutaja majina, basi simtaji.

Kwa hiyo tumepata medali nne, na ukumbi huu umepambwa kwa ajili yake. Tungependa kuzifurahia.

YANAYOTUKWAZA

Mkwazo wetu ni mmoja, nao ni mpandaji wetu wa tano.

Siku ya nne, tukishuka kutoka Ak-Moinok, mbele ya hema la kwanza la wafugaji alikuwa amesimama Bibi Uulkan. Wengi humu mnamjua. Siku hiyo ilikuwa arobaini ya mwanawe wa pekee. Alikuwa ameshika kitambaa chenye mkate na siagi, akiwanyooshea wapita njia waonje na kumwombea marehemu. Mheshimiwa, wewe ni mtu wa milima hii, sina haja ya kukueleza kwamba mkate hauachwi bila kuonjwa, sembuse mkate wa namna hiyo.

Sisi wanne tulikuwa mbele. Tuliuona mkate. Tulimwona na yeye. Tulikuwa tunajua pia sheria ya mbio, kwamba chakula hupokelewa kwenye vituo vya kamati tu, na tulikuwa tumesikia pikipiki ya mwamuzi nyuma yetu. Mmoja wetu akapaza sauti, "Bibi, tukirudi!" Njia ile hatukuwa na safari ya kuirudia. Aliyesema hivyo ni mimi ninayewasomea.

Robo saa baadaye akafika Saikal. Akashuka, akailaza baiskeli majanini, akavua kofia ngumu. Akaonja mkate, akafungua viganja akaomba dua, akamshika bibi mabega. Hazikuzidi dakika tatu. Mwamuzi akasimamisha pikipiki akapiga picha.

Jioni akapewa adhabu ya kuongezewa saa moja kwenye muda wake. Hatulalamiki juu ya saa hiyo, na yeye hakulalamika. Sheria ile ina maana yake. Pasipokuwa nayo, wenye jamaa wengi wangelishwa kila kona na mgeni angebaki na njaa. Saikal mwenyewe alimwambia mwamuzi kwamba amefanya kazi yake sawasawa, akamkaribisha chai.

Tatizo lilikuja na karatasi. Anayepewa adhabu hutakiwa kutia sahihi kwamba alikosa na kwamba hatarudia. Ni karatasi ya kawaida, wengi huitia sahihi bila kuisoma. Saikal aliisoma. Tulikuwepo sote wanne, tumesimama na mabakuli yetu ya supu, tukamsikia akisema kwa upole kabisa:

"Mwanangu, saa moja nimeipokea, hata ukiongeza ya pili nitaipokea. Lakini kuandika kwamba sitarudia, huo ni uongo. Kesho nikimkuta pale na mkate wake, nitashuka tena."

Mwamuzi akamwambia ni maandishi tu. Akamjibu kwamba naye anao mkono huo mmoja tu wa kutilia sahihi. Asubuhi ya siku ya tano karatasi ikaletwa tena, akakataa tena. Namba yake, ishirini na saba, ikakatwa kwenye usukani kwa koleo mbele ya watu wote, na kwenye jalada ikaandikwa kwamba amefungiwa miaka miwili kwa kukaidi waamuzi.

Nasi tulifanya nini? Tulimkumbatia, tukapanda baiskeli zetu, tukaondoka. Kipyenga kilikuwa kimelia.

Mheshimiwa, dada Saikal ana miaka arobaini na tisa. Ameshiriki mbio hizi mara tano na hajawahi kuzimaliza. Mwaka wa kwanza alivunjika bega, wa pili fremu ilipasuka, miaka miwili iliyofuata aliugua kwenye baridi ya kilele. Mwaka huu alikuwa mzima, zimebaki siku mbili, na siku ya mwisho ni mteremko. Kijana ukimfungia miaka miwili anakasirika, kisha anarudi na nguvu zaidi. Yeye miaka miwili ni magoti. Akifunguliwa huenda hatakuwa na cha kupandia.

Tangu Julai baiskeli yake imetundikwa kwenye zizi la ng'ombe. Maziwa anayakusanya kwa miguu. Jumapili anakuja kama kawaida, anatuzibia pancha, anaturekebishia breki, anatutania, kisha tukiondoka yeye anabaki mlangoni. Hajatulaumu hata kwa jicho. Afadhali angetulaumu. Tunaona haya, Mheshimiwa, na haya hii haipungui kadiri siku zinavyokwenda.

OMBI LETU

Rasimu ya kwanza ya risala hii ilikuwa na maombi matatu. Tulitaka chumba cha kuhifadhia baiskeli, na tulitaka fundi wa kuja kutufundisha kunyoosha rimu. Hayo mawili tumeyafuta kwa mikono yetu, ili hili moja lisipate wa kulisindikiza.

Rufaa inafungwa tarehe thelathini, na sahihi ya mwisho ni yako. Hatuombi dada yetu asamehewe, maana kusamehewa kunataka kwanza akubali kukosa, na hilo halitakuja. Tunaomba saa yake moja ibaki, na ile miaka miwili ifutwe. Asimame kwenye mstari Julai ijayo kama mtu mwingine yeyote. Akionja mkate tena, mpeni saa nyingine. Ataipokea.

Na kama haiwezekani, hatutakuona mbaya, kwa sababu tunajua kamati ina watu wengi na wewe ni mmoja. Ila tunasikia sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Basi na isikate upande mmoja. Medali zetu nne hizi hapa, naziweka mezani mbele yako. Ulanbek, ya kwako pia, tafadhali, usiifiche ndani ya koti. Mheshimiwa, zichukue urudi nazo Naryn, na utuandikie sisi wanne miaka miwili kama yake. Kosa letu liandike hivi: walimpita mama aliyefiwa, na hawakurudi.

Mwenyezi Mungu akuongoze kwenye maamuzi yako, akulinde pale ukingoni mwa mto, akufikishe kwa watoto wako ukiwa na amani. Wazee wetu wafungue viganja, nasi tuitikie amina.

Ni sisi, wanachama kumi wa Klabu ya Jorgo, Kara-Bel. Wa kumi na moja ameketi safu ya nyuma karibu na jiko. Tulimwambia risala inahusu chumba cha baiskeli, na sasa anatukazia macho. Dada Saikal, utatusema baadaye. Leo kaa, usitoke.