Dawa Yenye Picha ya Yusta

Baba Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Mgwashi, na ndugu zetu Waislamu mliopanda kutoka Soni, poleni kwa safari na asanteni kwa kutushika mkono. Familia imenituma mimi, baba yake mdogo, niwasomee maisha ya binti yetu Yusta Zakaria Shemhilu, kama yalivyokuwa, bila kuyapaka rangi.

Yusta alizaliwa hapa Mgwashi tarehe 14 Machi 1976, mtoto wa kwanza wa marehemu kaka yangu Zakaria na mkewe Yunis, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1984 hadi 1990, kisha sekondari Lushoto mjini. Baba yake alipofariki mwaka 1989, mdogo wake Kornelio alikuwa na miaka mitatu, na tangu siku hiyo Yusta ndiye aliyembeba mgongoni kwenda shambani, na baadaye, alipoanza kazi, ndiye aliyemsomesha mpaka akamaliza, naye Kornelio hakumwita dada peke yake, alimwita pia mama.

Alihitimu masomo ya sayansi ya viumbe mjini Morogoro mwaka 2003, akaajiriwa katika maabara ndogo ya utafiti wa dawa za asili nje kidogo ya mji wa Lushoto, na tarehe 12 Novemba 2005 akafunga ndoa na mwalimu Edgar wa Mtae, katika kanisa hilihili mlilomo, wakajaliwa watoto wawili, Klara na Filipo, ambao wako mbele yenu.

Mama yake Yusta, Yunis, aliugua kisukari, na ugonjwa huo ndio uliomwelekeza Yusta kwenye kazi iliyochukua moyo wake. Upo mti wa milimani kwetu, ambao leo hatutautaja jina asije mtu akauchimba, mti ambao bibi yake Yusta, aliyekuwa mganga, aliwachemshia watu wa sukari, na Yusta akataka kujua kama unasaidia kweli. Kuanzia mwaka 2017 yeye na wenzake waliwachoma panya weupe sindano inayoua sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini, na panya wale wakawa wagonjwa kama wagonjwa wetu, wakinywa maji bila kutosheka, wakilowesha matandiko, wakikonda huku wanakula, macho yakiingia ukungu. Mumewe anasema alirudi nyumbani siku nyingine akashindwa kula, na aliyewatania panya wale mbele yake alimkemea, akisema, "Tumewaumiza makusudi viumbe hawa, basi haki yao moja iliyobaki ni tuseme kweli waliyotuonyesha."

Na walionyesha mambo mawili. Walipopewa ule mti, sukari ilishuka, na furaha ya Yusta haikujificha, akampigia simu Kornelio kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini walipoendelea kuunywa kwa miezi, figo zao ziliharibika, na hata panya wazima, ambao hawakuchomwa sindano yoyote, waliounywa mti huo peke yake, figo zao ziliharibika vilevile wakafa, ikawa wazi kwamba si kisukari kilichowaua bali dawa. Hilo nalo alimweleza Kornelio, ana kwa ana, jikoni kwake, akamwomba asimwambie mtu kwamba dawa imepatikana.

Mwaka 2019 Kornelio alifungua duka Soni, akaujaza mti ule kwenye chupa, akabandika picha ya dada yake akiwa amevaa koti jeupe la maabara, na maneno kwamba dawa imepimwa na mtaalamu wetu wenyewe. Yusta hakujua, kwa kuwa chupa hizo ziliuzwa kwa watu wa Soni na Bumbuli, na waliomjua walidhani amekubali. Alijua mwezi Julai 2021, alipokuja kumwangalia mama yake akamkuta amevimba miguu na uso, na chupa iko kando ya kitanda.

"Si dawa yako hii, mwanangu?" mama akamwambia. "Kornelio kaniletea. Picha yako hii hapa. Vile vidonge vya hospitali nimeviacha tangu tuvune maharage."

Mama Yunis alifariki tarehe 19 Agosti 2021, madaktari wakisema ni figo, na Yusta hakuweza kuthibitisha ni kisukari au ni chupa, akaishi na swali hilo. Baada ya matanga alimfuata mdogo wake dukani, naye akamjibu, "Dada, panya ni panya, watu ni watu." Yusta akasema, "Kama panya ni panya, mbona unawatangaza walioshuka sukari na kuwaficha waliokufa?"

Alisimama sokoni Soni, akaongea makanisani na misikitini alikoruhusiwa, na wengi wetu, tuseme kweli, tulimwona mwenye wivu. Wapo waliomwambia, "Mdogo wako kakuzidi, mwache ale." Halima muuza kabichi peke yake ndiye aliyeirudisha chupa yake na kurudi kliniki.

Mwaka 2023 Yusta aligundulika na saratani ya matiti, akatibiwa Tanga, na wiki ya mwisho ya uhai wake Kornelio alikwenda kumwona. Edgar alikuwapo. Yusta alimwambia, "Msamaha usiniombe mimi. Simama mbele ya watu useme." Kornelio akalia, akamshika mkono, akasema, "Nitasema, dada."

Alifariki alfajiri ya tarehe 6 Juni 2024, akiwa na miaka arobaini na minane. Na juzi, jeneza likiwa njiani kupanda milima hii, duka la Soni lilikuwa wazi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa maabara, walimu wa Mtae, Halima, na majirani mliopika na kukesha nasi.

Kornelio, tulikupa nafasi ya kuongea kabla yangu, ukasema huna nguvu. Basi nasema mimi badala yako, mbele yako: yeyote mwenye chupa hiyo nyumbani asiinywe tena, arudi hospitali akapimwe figo, hata kama picha iliyoko juu yake anaipenda kama sisi tunavyoipenda.

Yusta, binti yetu, tumewaambia. Sasa pumzika.