Vikombe Viwili vya Maji

Kosa litangulie, tusije tukamsifu mtu bure. Mwaka ule askari waliporudi kutoka vitani Bama, Ambrosi, asiyekosa misa hata mvua inyeshe, alipewa sharti na mama mkwe wake Leonia: alete kibuyu kizima cha asali ya Sikonge, ndipo mkewe Flavia, aliyekimbilia kwao kwa ugomvi, arudi. Njiani baiskeli ikamchosha. Akalamba asali vikombe viwili, akajazia maji. Siku ya nne kibuyu kikaanza kulia: fsss. Akakibeba hadi benchi la kahawa, mtaa wa Ng'ambo, akaungama yote kwa Masolwa “Stimu”, aliyezeeka akichochea moto wa gari moshi, na Yahaya “Mizani”, mpima karanga wa sokoni.

Mizani: — Kibuyu vikombe kumi, maji viwili. Ukitaka maji yawe fungu moja katika kumi, ongeza asali vikombe kumi.

Ambrosi: — Niviingize wapi, shehe? Kimejaa!

Mizani: — Hesabu nimemaliza. Pa kuviweka shauri lako.

Stimu: — Chemsha! Maji yapande mvuke. Mimi nimechemsha maji kutoka hapa hadi Kigoma.

Ambrosi: — Nitajuaje vimetoka viwili tu?

Stimu: — Ukamate mvuke, uupime kwa kikombe.

Mizani: — Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

Stimu: — Haya hayakumwagika, yalimiminwa. Yanazoleka!

Kibuyu kikalia tena: fsss.

Mizani: — Mnasikia? Maji yanaondoka yenyewe. Yameona haya.

Stimu: — Stimu hiyo, bwana! Ikitoka yote kitapungua, mkweo ajue. Tuizuie humohumo!

Akachukua gunzi la hindi, akalishindilia mdomoni mwa kibuyu kwa jiwe. Wakanywa kahawa kwa amani, kikombe kimoja.

Paa! Gunzi likaruka, likaangusha dele. Kahawa yote ikanywewa na mchanga, na kanzu ya Mizani ikajaa povu.

Nyuma yao mtu akakohoa. Leonia. Alikuwa amesikia yote, amewapa mgongo, maana mkwe hatazamwi usoni. Ambrosi naye akageukia ukuta.

— Baba Masolwa, niulizie mkwe wangu. Kulamba viwili, sawa, njaa haina adabu. Kwa nini hakuniletea vinane?

Mizani akahesabu vidole, akaacha. Stimu akachungulia kikombe kikavu.

Ambrosi akauambia ukuta:

— Mzee Masolwa, mwambie mama nimekosa. Naomba Flavia arudi nyumbani.