Dada Pi-hsia na Chupa Namba Saba

Dada yetu, Dkt. Tu Pi-hsia, alizaliwa Madou tarehe 9 Septemba 1968, msimu wa mabalungi. Mimi, Wen-hsiung, ni mdogo wake wa pekee. Tangu utotoni hakuamini neno la mtu. Mama akisema balungi fulani ni tamu, Dada alitaka kwanza aonje.

Alisoma Madou, kisha chuo kikuu mjini Tainan, akahitimu mwaka 1990. Mwaka 1995 aliolewa na Bwana Hung Chin-lai, wakajaliwa binti, Ssu-ying.

Mwaka 1999 alijiunga na maabara ya Profesa Kang, aliyeketi mstari wa pili leo hapa msibani. Walichunguza saratani ya mifupa ya watoto: protini ipi huziamrisha seli zikue, na ipi huzifungulia njia ya kwenda mapafuni.

Miaka miwili iliyopita, seli za saratani hiyo kwenye chupa namba saba zilianza kukua kwa kasi ya ajabu. Maabara nzima ililaumu pakiti ya kijani ya bisi iliyowekwa juu ya mashine, kama ilivyo imani ya kwetu, ili mashine isigome, kwa kuwa ilikuwa imepita tarehe. Ikawekwa mpya, wakapiga makofi. Dada hakupiga.

"We Pi-hsia, hata kivuli chako unakishuku," Profesa alimtania.

"Nacho kipimwe," alijibu.

Aliwashuku wanafunzi, akamshuku mfagizi, akamshuku Profesa mwenyewe. Nami nilimuunga mkono kwa moyo wote.

Januari mwaka huu alilazwa kwa saratani ya kongosho. Alinituma nipeleke seli za ile chupa namba saba zikapimwe maabara nyingine. Majibu yalionyesha hazikuwa za mfupa kamwe, zilikuwa za ini.

"Dada, ni Profesa huyo! Kazibadilisha makusudi. Namfuata sasa hivi."

"Hebu kaa chini, wewe. Mwandiko kwenye lebo ni wa nani?"

Ulikuwa wa Dada mwenyewe. Nilishikwa na aibu, lakini yeye alitulia.

Alimwandikia Profesa mara mbili kumweleza kosa hilo. Mara zote alijibiwa apumzike, apone kwanza. Alifariki tarehe 3 Machi, saa kumi alasiri, akiniachia sharti moja: kosa lake lisomwe mbele ya watu, kwa sababu dawa iliyotokana na seli hizo wataanza kupewa watoto tisa Jumatatu hii.

Ameacha mume, binti, mimi mdogo wake, na watoto hao tisa. Dada yetu alale kwa amani. Profesa, leo ni Jumamosi.