Majambazi Waliopiga Hodi

Nimewasalimu mmoja mmoja pale mlangoni, kwa hiyo mtaniwia radhi nikianza moja kwa moja. Dada mwenyekiti ameniambia nisiogope, maana kila aliyekaa humu amelea watoto ambao hakuwazaa, na kila mmoja wetu ana siku yake asiyopenda kuikumbuka. Yangu mimi ilikuwa Jumamosi, alasiri, Ukunda. Watu walijaa ukumbi mzima, na wote walikuwa wananicheka.

Mbona na ninyi mmeshaanza? Ngojeni kwanza nifike.

Mimi ni kifungua mimba. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla mwaka haujageuka. Nilikuwa kidato cha kwanza, sketi ya shule nimeivaa muhula mmoja tu. Nyuma yangu wako watatu: mdogo wangu wa kiume, kisha msichana, kisha kitinda mimba ambaye wakati ule mapengo ya meno ya utoto yalikuwa bado hayajaziba.

Baada ya arobaini ya baba, ami yetu, yaani mdogo wake baba, alikuja kutoka Lunga Lunga. Akasema watoto wagawanywe. Wa kiume aende kwake, msichana kwa shangazi Kombani, na huyu mdogo atafutiwe pa kukaa. Nikamwambia, "Ami, hawa nitawalea mimi."

"Wewe?" akasema. "Wewe mwenyewe hujamaliza kulelewa."

Lakini nililia sana, akalegea. Akaondoka ameacha maneno mawili. La kwanza: siku atakaposikia watoto wameharibika, atakuja na gari kuwachukua. La pili: ng'ombe wa marehemu asiguswe.

Basi nikaanza kukaanga mihogo. Jiko langu lilikuwa ubavuni mwa ukumbi mmoja wa video, na kwa miaka yote ile sikuwahi kuingia ndani hata mara moja. Ningemwachia nani karai? Nilizijua filamu kwa masikio. Nasikia breki, nasikia bastola, nasikia mtu anaambiwa alale chini. Wateja wakitoka kununua mihogo nawauliza, "Nani kafa?" wananisimulia huku wanakamulia ndimu. Nyumbani nawasimulia wadogo zangu, nawatengenezea na milio kwa mdomo. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yetu, na baada yake ni mafunzo ya adabu mpaka wasinzie.

Mdogo wangu wa kiume akamaliza kidato cha nne. Kazi hakuna. Akawa anashinda ufuoni Diani na vijana wenzake, na nikaanza kuona marafiki ambao hawapigi hodi wakija kumwita. Ndugu zangu, nawaambia, hapo niliogopa kuliko siku tuliyozika. Nikajua habari zikifika Lunga Lunga, gari litakuja.

Nikafikiri sana. Nikasema, vijana hawa nitawapa kazi mimi. Tutatengeneza filamu! Wezi wanne wanavamia duka la sonara, wanabeba dhahabu, polisi wanawafukuza mpaka mwisho mchungu, na anayetazama anajifunza kuwa wizi hauna faida. Nilitaka watu washike vichwa. Nilitaka watoke ukumbini wakipangusa machozi.

Nikamuuza ng'ombe.

Ndiyo, nilimuuza, na ami sikumwambia. Hili nalisema mbele yenu bila kulipamba.

Dhahabu yetu ilikuwa pete za kuning'inizia mapazia. Kasha la sonara lilikuwa friji mbovu tuliyoipaka rangi ya kijivu. Bastola alichonga fundi seremala. Sonara mwenyewe tulimwomba jirani yetu, mama mmoja mtu mzima, mjane, kwa sababu ndiye aliyekuwa na sebule nzuri. Mpiga picha alikuwa kijana anayepiga picha za harusi, mtu mwenye bidii sana, wala hajawahi kupiga kitu kingine chochote zaidi ya harusi.

Tulipiga siku tisa. Kazi ilipokwisha mpiga picha akanitilia filamu kwenye simu yangu, na niliikagua kama nilivyozizoea filamu: nikafumba macho nikasikiliza. Milio yote ilikuwa mahali pake, maana niliitengeneza mwenyewe kwa karai na mwiko. Nikasema alhamdulillah, imekamilika.

Jumamosi ile mwenye ukumbi akatupa nafasi. Madirisha tukayaziba kwa mablanketi. Ami naye alikuwa amesikia, akaja. Alipita nyumbani kwanza, akakuta kamba ya ng'ombe imelala chini, peke yake. Akaja ukumbini, akakaa mstari wa mbele.

Filamu ikaanza. Muziki mzito. Majambazi wanne, nyuso zimefunikwa, wanatembea kuelekea duka la sonara. Ukumbi kimya. Nikajisemea, sasa.

Mdogo wangu, ndiye jambazi mkuu, akafika mlangoni na bastola yake. Akasimama. Akasema, "Hodi!"

Ndani yule mama akaitika, "Karibuni!"

Wakaingia wote wanne, wakavua viatu mlangoni. Mdogo wangu akamnyooshea bastola, akasema, "Shikamoo mama. Tumekuja kukuibia."

"Marahaba, wanangu. Kaeni basi."

Jamani! Ukumbi ulipasuka. Nilidhani paa limeanguka. Mimi sikuelewa wanachekea nini. Siku ya kupiga picha tulikuwa watu kumi na mmoja sebuleni mle, hakuna aliyeona ajabu. Kijana kaingia nyumbani kwa mtu mzima, ataachaje kuamkia? Na nilipoisikiliza, sikio langu halikushtuka. Lingeshtuka kama asingeamkia.

Tangu hapo ikawa hakuna kupumzika. Friji ikafunguliwa, ndani mna trei ya mayai imeonekana wazi. Tuktuk ya majambazi ikazima njiani, polisi wanaowafukuza wakashuka kwenye tuktuk yao wakasaidia kuisukuma, mmoja akasema, "Tia gia ya pili, kaka," ikawaka, ndipo wakarudi mbio kwenye yao kuendelea kuwafukuza. Na yule mpiga picha wangu, kila palipobadilika mahali, alitia maua yanayodondoka na mioyo miwili myekundu inayogongana, kama anavyowatilia maharusi. Jambazi kapigwa risasi, anakata roho, maua yanamwagika.

Mtu mmoja alitoka nje kwa kucheka akakaa chini, hawezi kusimama. Mimi nilitoka pia, lakini kwa machozi ya namna nyingine.

Ami akanikuta nje. Akaniambia, na maneno haya sijayasahau, "Ng'ombe wa kaka yangu ndiye huyu? Umewafundisha watoto wizi, na wizi wenyewe hawaujui." Kisha akasema, "Ijumaa nakuja na gari. Fungasha nguo zao."

Jumapili niliwasha jiko kwa sababu sikujua jambo lingine la kufanya. Mabodaboda wakipita wananiita, "Hodi! Shikamoo mama, tumekuja kuiba mihogo!" Mmoja akavua ndara zake kabisa mbele ya karai. Nikahamisha jiko nyuma ya soko, mahali ambapo hakuna mteja. Mdogo wangu alijifungia, hataki kula. Kitinda mimba akaniuliza, "Dada, Lunga Lunga kuna shule?" Nikamwambia alale.

Jumanne yule mama jirani, sonara wetu, akanijia. Mimi nilikuwa namkwepa, nikijua nimeutia aibu utu uzima wake.

Akaniambia, "Wewe, ile kitu iko wapi? Nataka kuiona tena."

"Mama, niache. Umechekwa kwa ajili yangu."

"Nimechekwa na nimecheka. Tangu mzee wangu aondoke, mimi meno yangu yalikuwa ya kutafunia tu. Lete simu hapa, mtoto we!"

Kwa heshima yake nikaileta. Tukakaa jikoni kwake na wadogo zangu wote, simu tumeiegemeza kwenye sufuria. Na mara hii, ndugu zangu, sikufumba macho.

Kuna mahali majambazi wanamfunga yule mama kwenye kiti. Kamba inavutwa, leso yake inateleza kichwani. Hili sikuliandika mimi, wala siku ile sikuliona. Mdogo wangu anaiweka bastola chini. Anaichukua leso, anamfunika kichwa taratibu, anaitengeneza pembeni, anamuuliza, "Kamba haikubani, mama?" Kisha anaokota bastola yake, anaendelea kuiba.

Nikasema rudisha hapo. Nikatazama tena. Yule ndiye mtoto niliyeambiwa ataharibika mikononi mwangu. Nimempa bastola, nimempa wenzake watatu, nimempa na ruhusa ya kuwa mtu mbaya kwa siku tisa, na hakuweza. Kwa muda wote niliokaanga mihogo sikujua kama ninachowafundisha jioni kinawaingia. Kumbe kimeingia mpaka hakitoki!

Ndipo nikacheka. Nilicheka mpaka mama wa watu akanipa maji. Mdogo wangu naye akaanza, na ile trei ya mayai ilipotokea tulikuwa tumelala sakafuni wote watano.

Kesho yake nikaenda kwa mwenye ukumbi. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Dada, ulikuwa wapi? Watu wananisumbua tangu Jumapili." Nikamwambia, "Ijumaa, baada ya swala." Bango nikaandika kwa mkono wangu: Njoni Mwone Majambazi Wenye Adabu. Kama ni kuchekwa, niliamua nitawakaribisha mwenyewe.

Ijumaa ile viti havikutosha, watu walikaa mpaka madirishani. Nikasimama mbele kama nilivyosimama hapa leo, nikasema, "Filamu hii niliitengeneza mliie. Mmekataa kulia. Basi chekeni, ila mkiamkiwa, itikieni."

Wakati huohuo ami alikuwa amefika nyumbani na pikapu, akakuta mlango umefungwa. Akaja ukumbini anawaka hasira. Lakini mle ndani hapakuwa na pa kupita, ikabidi asimame pale mlangoni angoje.

Jambazi akapiga hodi. Ukumbi mzima ukajibu, "Karibuni!" Jambazi akasema shikamoo. "Marahaba!" wazee kwa watoto, mpaka mabati yakatetemeka. Nikamtazama ami. Uso haukusogea.

Ikafika ile ya leso. Jumamosi watu walikuwa wanacheka mno wakaikosa, hata ami. Sasa ukumbi ukatulia. Mtoto wa kaka yake anamfunika mjane leso, anamuuliza kama kamba inabana. Ami akasema, kwa sauti, kama mtu aliyejisahau, "Jambazi gani huyu? Nani kamlea?"

Yule mama sonara alikuwa mstari wa mbele. Hakugeuka hata. Akasema, "Dada yake."

Na ukumbi, ambao ulishazoea kuitikia, ukaitikia, "Dada yake!"

Ami alitoka. Nilipomfuata nje nilimkuta ameegemea pikapu, anafuta macho kwa kofia yake. Nikamwomba msamaha wa ng'ombe. Akasema, "Nguo zao ulikuwa umefungasha?"

"Hapana, ami."

"Vizuri." Akafungua mlango wa gari. Akageuka. "Lakini mtakapofanya nyingine, mkuu wa majambazi awe mtu mzima. Huyu kijana bado mdogo kuongoza kundi."

Basi, ndugu zangu, tumefanya nyingine. Mkuu wa majambazi ni ami. Alikataa katakata kuvamia duka kabla ya kuwaombea dua wenye duka. Tumeonyesha Msambweni, tumeonyesha Kombani, shangazi akaleta mtaa wake wote. Mdogo wangu sasa ndiye anayeshika kamera, yule wa harusi amemfundisha kila kitu, na mioyo myekundu tumeiacha palepale. Msichana anasomea uuguzi. Kitinda mimba ana meno yote. Na nyuma ya nyumba, kwenye kamba ileile, kuna mtamba anakula majani. Ami ndiye aliyenisaidia kumchagua.

Nawashukuru walionishika. Mama sonara wetu, aliyenidai nimwonyeshe nilichotaka kukifukia. Mwenye ukumbi. Dereva wa tuktuk iliyozima, na wale polisi wa uongo walioisukuma. Ami yangu, kwa kusimama mlangoni mpaka mwisho. Na wadogo zangu watatu, kwa kusikia kila nilichowaambia hata siku nilizodhani wamelala.

Ninyi mnaolea, na mnachoka, na hamjui kama kuna kinachoshika: mimi nilikuwa nakipima kwa masikio, nimefumba macho. Fumbueni. Mtazameni huyo mtoto siku anapodhani hakuna anayemtazama. Kisha mtaniambia.

Nimemaliza. Na yule aliyekaa mlangoni tangu nianze, anayejiuliza kama aingie au asiingie: piga hodi, ndugu yangu. Tutaitikia.