Kigoda cha Bluu

Asubuhi hiyo Mpini, seremala wa mtaa, alifika kijiweni, kwenye benchi la nje kwa kinyozi, amekumbatia kigoda kama mtu aliyebeba mgonjwa. Kilikuwa cha bluu, kinang'aa, na kimepasuka katikati. Alikuwa ameokota chupa, ndoo na mifuko ya plastiki mpaka mkewe akamwuliza kama amebadili kazi. Akaviyeyusha vyote kwenye sufuria kuukuu, akamimina kwenye kalibu aliyoichonga mwenyewe. Mama mkwe anakuja leo, magoti yanamsumbua, na Mpini alitaka kumkalisha juu ya kitu ambacho hakuna mkwe mwingine anacho. Alipokijaribu tu, kikapasuka, pa! Akajikuta chini.

— Pole, ndugu yangu, alisema Wembe, ndiye kinyozi, akimpa kikombe cha kahawa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Anza kujenga.

— Usinicheke. Mwulize huyu aliyenishauri.

Wakamgeukia Profesa, dereva wa teksi asiyewahi kushindwa swali.

— Nilikwambia nini mimi?

— Si ulisema ndege wenye rangi moja huruka pamoja? Nikakusanya vya bluu vitupu!

— Na vimeruka. Kosa langu liko wapi?

Mpini hakucheka. Alipitisha kidole kwenye ufa.

— Tazameni. Ndoo imelainika mapema, chupa imegoma. Vipande vyake vimebaki humu kama mawe kwenye mchele, na ufa umepita palepale.

Profesa akaokota chupa chini ya benchi, akaipindua.

— Si unaona? Kitakoni pana namba. Chupa ina moja, ndoo ina mbili. Ni namba za kuzaliwa hizi! Chupa ni kifungua mimba, haikubali kuchanganywa na mdogo wake.

— Na mfuko? aliuliza Mpini.

— Namba nne. Kitinda mimba. Kadekezwa, hajui kubeba mtu.

— Achana na namba, ni tabia, alidakia Wembe. Mfuko umezoea kupeperuka, wewe unaufunga jela. Chupa imezoea midomo ya watu, leo unailetea makalio!

— Makalio ya nani?

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yao, mkoba begani. Benchi zima likainuka.

— Shikamoo, mama!

— Marahaba, wanangu.

Mpini alijaribu kukificha kigoda mgongoni, hakikufichika. Akaeleza yote, macho chini, masikio yakiwaka moto. Mama akakishika, akakigeuza huku na huku.

— Rangi nzuri. Lakini mkwe wangu, wewe si seremala?

Mama alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akaketi kwenye benchi bila kungoja kukaribishwa, akaanza kubandua vipande: vya ndoo huku, vya chupa kule, ili kila aina iyeyushwe peke yake.

Mpini akachuchumaa kando yake kumsaidia.