Risasi Nne za Mzee Kaliyanda Uthaiah

Marehemu Mzee Kaliyanda Uthaiah alizaliwa tarehe 9 Juni 1921, nje kidogo ya Virajpet, Kodagu, kusini mwa India. Ikapigwa risasi moja uani, kama apigiwavyo kila mtoto wa kiume kwetu; mtu akifa hupigwa mbili. Wiki hiyohiyo nyumba ya jirani nayo ikapiga yake: amezaliwa Poovaiah.

Walisoma pamoja Virajpet hadi 1938. Mwaka 1941 wakaingia jeshi la anga, Poovaiah rubani, marehemu fundi wa injini, kikosi kimoja cha ndege za kivita. Walikaa Kohat, kisha mwanzoni mwa 1944 wakapelekwa Imphal, karibu na mpaka wa Burma, kupigana na Wajapani. Ndege zilirudi zimetobolewa, mafundi wakaziba, zikaruka tena. Utani haukuisha.

"We Uthaiah, injini yako inakohoa kama bibi yako!"

"Inakohoa ikikuona wewe. Irudishe nzima, usinipe kazi."

Asubuhi ya tarehe 17 Aprili ziliondoka ndege mbili. Ikarudi moja, si ya Poovaiah. Marehemu alibaki uwanjani, wenzake wakamfuata na chai, ikampolea mkononi.

Alirejea nyumbani 1946. Mama yake Poovaiah alikuwa amekataza zile risasi mbili za msiba zisipigwe. Alimwuliza marehemu neno moja tu.

"Mwanangu, injini ilikuwa nzima?"

"Nzima, mama."

"Basi yuko njiani."

Marehemu alisema kweli kuhusu injini, na kweli hiyo ikazinyamazisha bunduki za msiba. Hakujua tena namna ya kuirudisha kauli yake.

Mwaka 1949 alimwoa Chondamma, wakajaliwa watoto wawili, Neelavva na Somaiah. Alitengeneza pampu za mashamba ya kahawa. Ndege ikipita aliweka spana chini, akatoka nje.

"Ingia, baba Neelavva, nyama inapoa."

"Hiyo siyo," alisema, akaingia.

Mama yake Poovaiah alifariki 1961, Chondamma 1987. Marehemu akawa anatoka nje, na ndani hakuna wa kumwita.

Mapafu yalimsumbua tangu Februari. Wiki iliyopita alimwambia bintiye:

"Siku yangu msipige mbili. Pigeni nne."

"Baba, watu watatuona wendawazimu."

"Wacha watuone. Tuliokuwa tunamngoja tumekwisha."

Alifariki nyumbani jana, tarehe 3 Novemba 1998, alfajiri. Zikapigwa nne. Majirani walipanda mlima mbiombio wakiuliza, "Mwingine nani?" Neelavva akawajibu, "Poovaiah." Wazee wakavua vilemba.

Ameacha binti, Neelavva, mwana, Somaiah, na wajukuu watano. Poovaiah hakuacha mtu, kwa hiyo tumemlilia sisi.

Wapumzike kwa amani, wote wawili.