Mkono wa Kinanda cha Mshonaji

Ndugu waombolezaji, majirani, na mafundi mliofunga vibanda vyenu leo, familia imenituma mimi, mjukuu wake, niwasomee maisha ya babu yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Babu Kamani, na mjomba ameniambia nisome taratibu nisiruke kitu, kwa hiyo sitaruka hata kosa lake, maana yeye mwenyewe aliagiza lisomwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa nne na wa mwisho wa baba mwashi na mama muuza mboga, akaanza shule ya msingi mwaka 1956 na kumaliza darasa la nane mwaka 1963, akiwa wa kwanza katika hesabu na wa mwisho katika kuimba, jambo ambalo bibi alimkumbusha kila alipojifanya mjuzi wa muziki. Januari 1965 alianza kujifunza kazi kwa fundi saa, na tarehe 3 Aprili 1972 akafungua kibanda chake nyuma ya posta, meza moja, taa moja ya kuinama na droo kumi na mbili za skrubu. Watu walipoanza kununua redio na kutupa vinanda vyao vya santuri, vile vya sanduku dogo la kubeba, visivyotaka umeme wala betri bali kamani, ule utepe wa chuma uliojiviringa ndani, unayoijaza kwa kuzungusha mkono wa chuma, yeye alianza kuviokota, kuviomba na kuvitengeneza, hadi nyumba ikawa na vinanda thelathini na vinane na kitanda cha wageni kikakosa pa kukaa.

Mtu akimletea kinanda, alikisalimia kinanda kwanza, mtu baadaye. Alinusa ndani ya sanduku, akapitisha ukucha kwenye skrubu kujua kama bisibisi imewahi kuingia, akalinganisha namba, kisha akaandika kwenye daftari, mbele ya kila kifaa, neno moja kati ya mawili, "mzawa" kama kifaa kilitoka kiwandani pamoja na kinanda hicho, au "mgeni" kama kilipachikwa baadaye, na watu walisafiri siku nzima ili kulisikia neno hilo, kwa sababu akishalitamka hakuna aliyebisha.

Tarehe 22 Desemba 1973 alifunga ndoa na bibi yetu, aliyekuwa muuguzi, wakajaliwa watoto watatu, wajomba zangu wawili na mama yangu.

Sasa nasoma lile aliloagiza. Siku ya Jumanne, tarehe 7 Juni 1988, mama mmoja mshonaji alileta kinanda cheusi alichopewa na kaka yake, ambaye alikuwa ameshafariki, na kaka huyo alimwambia kuwa alikinunua kipya dukani kwa mshahara wake wa kwanza. Babu alikifungua, akaona mashine ya ndani si ya aina aliyozoea kuiona kwenye sanduku kama lile, akasema mbele ya wateja, "Mama, hapa kuna kichwa cha huyu na mwili wa yule, kaka yako alikupiga chenga." Mshonaji alifunga kanga yake vizuri na kusema, "Basi kaa nacho," akaondoka, na babu akakivunja, sanduku tupu akaliweka kibandani, vifaa vyake vitano akavigawa kwenye vinanda vya watu wengine, na cha sita, mkono wa kuzungushia, akauweka kwenye kinanda chetu cha nyumbani.

Mkono huo ndio bibi aliozungusha kila Jumapili mchana, babu akiosha vyombo, na kwa kuwa bibi alitumia mkono wa kushoto, mpini wake wa mbao ulilika upande mmoja. Bibi alifariki tarehe 11 Mei 2009, na kuanzia Jumapili iliyofuata babu alizungusha mwenyewe, naye akatumia mkono wa kushoto.

Mwezi wa Septemba 2011 mwalimu mstaafu alileta kinanda cheusi kama kile, rangi ya kiwandani ikiwa bado imeziba skrubu zote, na ndani yake babu akakuta mashine ileile aliyoiita ngeni mwaka 1988. Alikaa chini. Kumbe kiwanda kilikuwa kikitumia mashine za aina mbili, na kinanda cha mshonaji kilikuwa mzawa mtupu. Kesho yake alikwenda kumwambia, akamkuta kwenye cherehani, na yule mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Fundi, miaka ishirini na mitatu nimemchukia maiti kwa neno lako," na babu alipoanza kuomba radhi akamkatisha, "Pole zako sizitaki, nataka kinanda changu."

Tangu siku hiyo babu alifuata vifaa hivyo mlango kwa mlango, daftari mkononi, akiwapa watu vifaa vingine badala yake, na mwaka 2021, mama yangu alipofariki, mimi nikaacha shule kidato cha pili nikahamia kwake, nikawa ninamsomea maandishi kwa sababu macho yalikuwa yamechoka. Kufikia Februari 2023 tulikuwa tumepata vitano. Cha sita kilikuwa sebuleni, wote wawili tulijua, na kila nilipofika kwenye mstari ule wa daftari alisema, "Huo utasoma kesho."

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2022, na tarehe 29 Julai 2024 alilazwa. Tarehe 5 Agosti aliniambia, "Mjukuu wangu, nenda ukaung'oe ule mkono," nikajifanya sijasikia, akarudia, nikaenda, nikaung'oa, nikautia kwenye kinanda cheusi cha mshonaji, na tarehe 7 mchana nikakipeleka wodini, muuguzi akaturuhusu upande mmoja tu wa santuri. Babu hakusikiliza wimbo, aliweka kiganja juu ya sanduku akasikiliza mashine, akasema, "Andika mzawa, vyote sita," kisha akaomba niache kamani ijifungue yote, kwa sababu hakutaka kamwe kinanda kifungwe kamani ikiwa imekaza, alisema kinachoka bure. Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Agosti 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, ameacha watoto wawili na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotupikia wiki nzima, na mafundi wenzake waliobeba jeneza. Mama mshonaji, ambaye umekaa pale mstari wa pili, kinanda chako kipo hapa mezani, kaka yako alisema kweli, na mpini wake utauona umelika upande mmoja, hapo ni mkono wa bibi yetu, tunaomba uupokee hivyo hivyo.

Babu, nimesoma vyote, sikuruka. Kamani imejifungua yote, imelegea. Pumzika kwa amani.